Rufaa Hadi Roma: Tathmini ya Huduma ya Papa kwa Makanisa ya Nchi za Msalaba, 1099–1291

Agosti 1153 mji wa Ashkeloni ulianguka mikononi mwa Mfalme Baldwin III wa Yerusalemu. Patriarki Fulcher, mkuu wa maaskofu wa Yerusalemu, hakukawia: alimchukua kanoni mmoja (padri wa kanisa kuu) wa Kaburi Takatifu, Absalom, akamweka wakfu kuwa askofu wa mji. Gerald, askofu wa Bethlehemu, akapinga palepale. Ashkeloni, alisema, iliunganishwa na jimbo lake tangu Bethlehemu ilipopandishwa kuwa makao ya askofu, zaidi ya miaka 40 nyuma. Patriarki akaziba masikio. Gerald akakata rufaa kwa Papa, akashinda, Absalom akapoteza kiti, na Ashkeloni ikabaki chini ya Bethlehemu.

Huduma tunayoipima hapa ndiyo hiyo: mamlaka ya Papa juu ya mambo ya Kanisa katika ufalme wa Yerusalemu, dola ya Antiokia, kaunti ya Tripoli, Edessa kabla haijapotea mwaka 1144, na baadaye Kupro. Wengi wanaoandika juu ya Vita vya Msalaba huamini kwamba Papa aliziendesha nchi hizi kama mwenye shamba na shamba lake. Ukizipanga barua za mapapa kwa mfuatano wa miaka, unaona jambo jingine: Roma ilitawala huku pale ilipoombwa. Karibu kila amri nzito ilianza na mtu aliyepanda meli akiwa na malalamiko, na mara nyingi mpinzani wake alikuwa kwenye meli ya pili. Kwa jumla tunaipa nyota tatu kati ya tano, ila hazikugawanyika sawa. Kesi ndogo, yenye mpaka unaoonekana na hati mkononi, kama hiyo ya Ashkeloni, inapata tano. Kesi ya maaskofu dhidi ya mashirika ambayo Papa mwenyewe aliyapa hati inapata moja.

Namna ya kuipata

Kwanza rufaa ilitamkwa. Aliyeonewa alisimama mbele ya anayemhukumu na kusema waziwazi kwamba anakata rufaa kwa Kiti cha Petro. Kwa sheria ya Kanisa, tamko hilo lilimfunga hakimu mikono hadi jibu lirudi. Ndiyo maana mapatriarki waliogopa neno hilo kuliko matusi, na ndiyo maana wengine walijaribu kumzuia mlalamikaji asifike bandarini.

Kisha meli. Wakati wa baridi bahari ilikuwa kama imefungwa. Misafara mikubwa ilikuwa miwili kwa mwaka, mmoja wa majira ya Pasaka na mwingine wa mwisho wa kiangazi. Kwenda magharibi kulichukua muda mrefu kuliko kuja mashariki, kwa kuwa pepo za kiangazi huvuma kutoka kaskazini-magharibi na meli ya Akka ililazimika kupigana nazo uso kwa uso. Aliyekosa msafara wa Septemba alikaa na kesi yake mpaka mwaka uliofuata. William, askofu mkuu wa Tiro, aliondoka Oktoba 1178 kwenda Mtaguso wa Tatu wa Laterano, mkutano mkuu wa maaskofu uliofunguliwa Machi 1179. Alirudi kwake mwaka 1180, baada ya kukaa miezi saba Konstantinopoli njiani. Kwa hesabu hiyo, mtu aliyefungua shauri akiwa Yerusalemu aliomba haki ya mwaka kesho au keshokutwa.

Halafu kulikuwa na kazi ya kumpata Papa mwenyewe. Katika karne ya 12 mapapa walihamahama, leo Benevento, kesho Ferentino au Anagni au Viterbo, na mara nyingine hata Ufaransa, kwa sababu mji wa Roma ulikuwa na fujo zake. Msafiri aliyeshuka Apulia alipaswa kuuliza kwanza Papa yuko wapi, na barabara ya kwenda huko iko salama au ina vita.

Akishampata, alihitaji mawakili, nakala za hati za zamani, na subira. Hati aliyoondoka nayo ilitambulika kwa muhuri wa risasi, upande mmoja vichwa vya Petro na Paulo, upande wa pili jina la Papa. Ukitazama kinachoushikilia muhuri unajua umepewa nini hata kabla ya kusoma: nyuzi za hariri nyekundu na njano ni hati ya kutunuku haki, ya kuhifadhiwa vizazi na vizazi; kamba ya katani ni amri ya utekelezaji, ya shauri moja tu. Aliyerudi na katani akidhani ana hariri alikuwa na kazi ya ziada mbele yake.

Mara nyingi Papa hakuamua mwenyewe. Aliwateua mapadri au maaskofu wawili watatu wa kulekule Mashariki wasikilize kwa niaba yake, akaongeza kifungu kwamba uamuzi wao hautakatiwa rufaa tena. Huu ulikuwa utaratibu bora kuliko yote waliyokuwa nayo, kwa sababu mashahidi walipatikana karibu. Udhaifu ulikuwa mahali pengine. Makarani wa Papa waliandika kwa kufuata maelezo ya mwombaji. Barua yenyewe ilisema ina nguvu iwapo yaliyoelezwa ni kweli. Hivyo mtu wa kwanza alirudi na barua yake, wa pili naye akaenda akaeleza upande wake, akarudi na yake. Zote zina muhuri halali, na zinapingana.

Miaka ya kwanza: kiti kimoja, watu watatu

Huduma ilianza vibaya, na si kwa kosa lake. Papa Urbano II alifariki Julai 29, 1099, wiki mbili baada ya Yerusalemu kutekwa, kabla habari haijamfikia. Mjumbe wake Adhemar, askofu wa Le Puy, alikuwa amekwisha kufa Antiokia Agosti 1, 1098. Hakukuwa na mtu wa Papa mahali pale wakati wa kuchagua. Arnulf wa Chocques akachaguliwa kushika Kanisa la Yerusalemu, kisha mwishoni mwa mwaka akafika Daimbert, askofu mkuu wa Pisa, na meli zake, akakikalia kiti yeye.

Yaliyofuata yanaonyesha vizuri kasoro tuliyoitaja. Mfalme Baldwin I aligombana na Daimbert, na mjumbe wa Papa, kadinali Maurice, akamsimamisha mwaka 1101. Mwaka 1102 mjumbe mwingine, kadinali Robert, akamvua madaraka, na Evremar akachaguliwa. Daimbert akaenda Italia, akamweleza Papa Paskali II kwamba alifukuzwa kwa nguvu za mfalme, akarudishiwa kiti. Akafa Messina akisubiri kuvuka. Mjumbe aliyeletwa alimsikia mfalme aliyekuwa karibu naye. Papa alimsikia aliyefika kwake. Hakuna kati yao aliyewasikia wote wawili pamoja.

Mwaka 1108 kazi ilifanywa inavyotakiwa. Evremar naye alikwenda Roma kujitetea, na Paskali hakukata shauri akiwa mbali. Alimtuma Gibelin, askofu mkuu wa Arles, mzee mwenye uzoefu, aende achunguze palepale. Gibelin aliitisha baraza la maaskofu, akasikia mashahidi, akaona kwamba Daimbert aliondolewa bila sababu halali na kwa hiyo Evremar alikalia kiti ambacho hakikuwa wazi. Akamwondoa, lakini kwa kuwa alikuwa mtu mwema asiye na hila akampa jimbo kuu la Kaisaria lililokuwa halina askofu. Hakimu alikuja mwenyewe, ushahidi ukachukuliwa nchini, na aliyeshindwa akapata mahali pa kwenda. Gibelin mwenyewe ndiye aliyechaguliwa patriarki, na alikufa mwaka 1112.

Kisha Arnulf akarudi kwenye kiti. Mwaka 1113 ndiye aliyesimamia ndoa ya Baldwin I na Adelaide wa Sicilia, mjane tajiri, ilhali mke wa mfalme, Arda, alikuwa hai. Mwaka 1115 mjumbe wa Papa, askofu wa Orange, akamvua madaraka. Arnulf akaenda Roma, akarudishwa mwaka 1116 kwa sharti kwamba ndoa ile ivunjwe. Ikavunjwa mwaka 1117. Adelaide akarudishwa Sicilia, mali aliyokuja nayo ikiwa imekwisha kutumika. Kwa sheria ya ndoa hukumu ilikuwa sahihi kabisa. Lakini mwanawe, Roger II, alilichukulia jambo hilo kama fedheha ya ukoo, na ufalme wa Yerusalemu ukakosa msaada wa jirani mwenye manowari nyingi kwa miongo kadhaa. Gharama za namna hii hazikuandikwa kwenye hati yoyote.

Tiro, au vipimo viwili kwenye duka moja

Kama una nafasi ya kusoma kesi moja tu, soma hii.

Kwa utaratibu wa kale wa Mashariki, askofu mkuu wa Tiro alikuwa chini ya patriarki wa Antiokia. Wafaranki, yaani Wakristo wa Magharibi walioteka nchi hizi, walipofika, Tiro ilikuwa bado haijatekwa, lakini miji iliyokuwa chini yake ilianguka mmoja mmoja, mingine kwa mfalme wa Yerusalemu, mingine kwa kaunti ya Tripoli. Mwaka 1111 Baldwin I alimwomba Paskali II kwamba kila mji atakaouteka uwe chini ya Kanisa la Yerusalemu. Paskali akakubali: mipaka ya zamani, alieleza, ilikwisha vurugika chini ya utawala wa Waislamu. Bernard, patriarki wa Antiokia, alipopata habari akapeleka malalamiko. Papa akajibu, mwaka 1112 na tena 1113 huko Benevento, kwamba hakukusudia kuipunguzia Antiokia haki yake. Ruhusa ile ilihusu tu mahali ambapo mpaka haujulikani. Alisema pia kwamba hataki Kanisa likatwe heshima kwa ajili ya nguvu za wafalme, wala wafalme wapunguziwe nguvu kwa ajili ya heshima ya Kanisa. Maneno mazuri, ila fundi akipewa futi mbili zenye urefu tofauti hajengi ukuta ulionyooka. Yerusalemu ilishika barua ya 1111, Antiokia ikashika ya 1113.

Tiro ilitekwa Julai 7, 1124. Mfalme hakukubali mji wake mkubwa wa bandari uwe chini ya patriarki wa dola nyingine, kwa hiyo askofu mkuu aliwekwa wakfu na patriarki wa Yerusalemu. William wa kwanza wa Tiro, Mwingereza aliyekuwa mkuu wa makanoni wa Kaburi Takatifu, akaenda Roma mwaka 1128 kuchukua palio, lile vazi jembamba la sufu ambalo askofu mkuu hupokea kwa Papa kabla ya kutumia mamlaka yake kamili. Patriarki wake hakupenda aende, kwani kupokea palio moja kwa moja Roma kulimpa askofu mkuu mlango wa pembeni. Papa Honorio II alimpa, na akamtuma Gilles, askofu wa Tusculum, kama mjumbe kuwaamuru maaskofu wa majimbo ya Tiro wamtii. Gilles alikwenda, barua zikasomwa, Antiokia haikusogea.

Fulcher, aliyemfuata kwenye kiti cha Tiro (ndiye huyohuyo patriarki wa mwaka 1153), alifanya safari ileile, na ilibidi aondoke kwa kujificha kwa sababu patriarki wa wakati huo aliweka watu wa kumzuia. Inosenti II aliamua kwamba Tiro iitii Yerusalemu, kwa heshima ileile ya kwanza iliyokuwa nayo chini ya Antiokia. Akawaandikia pia maaskofu wa kaskazini warudi kwa askofu mkuu wao.

Matokeo unayaona kwenye ramani. Akka, Sidoni na Beirut zilikwenda na Yerusalemu. Jubayl, Tripoli na Tartus zilibaki Antiokia hadi mwisho. Jimbo kuu moja likapasuliwa katikati, na kisu kilipita palepale ulipopita mpaka wa ufalme na kaunti. Sababu ni rahisi: maaskofu watatu wa kaskazini waliwekwa wakfu na patriarki wa Antiokia wakati Tiro haina askofu mkuu, na mtawala wa kaunti ya Tripoli hakuwa na faida yoyote kuona maaskofu wake wanaitii Yerusalemu. Papa aliweza kuandika barua kumi, mtekelezaji hakuwapo. Miaka mingi baadaye William wa pili wa Tiro, yule wa safari ya 1178, aliandika kwa uchungu kwamba lawama ni ya Roma yenyewe, inayowaamuru waitii Yerusalemu huku ikiiachia Antiokia iwakatekate. Tunakubaliana naye. Kosa halikuwa la kuchagua kipimo hiki au kile. Kosa lilikuwa kuacha vyote viwili viendelee kutumika.

Hati za hariri zisizorudishwa

Februari 15, 1113 Paskali II aliichukua Hospitali ya Mtakatifu Yohane ya Yerusalemu chini ya ulinzi wa Kiti cha Petro: ndugu wachague mkuu wao wenyewe, mazao ya mashamba yao yasitozwe zaka. Machi 29, 1139 Inosenti II aliwapa Watemplari, shirika la watawa-askari, makubwa zaidi, mapadri wao wenyewe na kumjibu Papa peke yake. Oktoba 21, 1154 Anastasio IV akawapa ndugu wa Hospitali uhuru wa namna hiyo hiyo. Kila hati, ukiisoma peke yake, ina mantiki. Watu wanaolinda barabara za mahujaji na kuuguza wagonjwa wasisumbuliwe na askofu wa kila kijiji. Tatizo linatokea zinapokutana na bajeti ya jimbo. Jimbo la Kilatini, yaani la Wakristo wa Magharibi, huku liliishi kwa zaka. Baraza la Nablus la mwaka 1120, lenye kanuni 25, lilianza na suala hilohilo, mfalme na wakuu wake wakiahidi kulirudishia Kanisa zaka walizokuwa wakishika. Kila shamba lililohamia kwa ndugu wa Hospitali lilitoka kwenye mfuko wa askofu.

Mwaka uliofuata hati ya 1154 mambo yakalipuka Yerusalemu. Hospitali ilisimama mbele kabisa ya Kanisa la Kaburi Takatifu. Patriarki alilalamika kwamba ndugu waliwapokea kwenye ibada watu aliowatenga na Kanisa, wakawapa sakramenti na maziko. Kwamba hawakutoa zaka. Kwamba walijenga majumba marefu na ya fahari kuliko kanisa lenyewe. Na kwamba kila alipopanda kuhubiri, walipiga kengele zao nyingi kwa nguvu na bila kukoma hadi watu wasisikie neno. Siku moja waliingia kanisani na silaha wakarusha mishale. Mishale ile ilikusanywa, ikafungwa kwa kamba, ikatundikwa mbele ya Golgotha, na walioiona walikuwa wengi. Furushi hilo la mishale linaeleza hali ya Kanisa la Yerusalemu kuliko kurasa nyingi za kanuni.

Fulcher, mzee sana wakati huo, aliondoka mwaka 1155 na askofu mkuu wa Tiro, askofu mkuu wa Kaisaria na maaskofu kadhaa, wakiwemo wa Akka, Sidoni, Lida na Tiberia. Walifanya kila kitu kwa utaratibu, wakakwama kwenye kila hatua. Waliposhuka Otranto, Apulia ilikuwa vitani na barabara ya kwenda kwa Papa Adriano IV haikupitika. Ikabidi wapande meli tena hadi Ancona, wazunguke, wafike Roma, waambiwe Papa amekwisha ondoka, wamfuate hadi Ferentino. Ndugu wa Hospitali walikuwa wamewatangulia. Kesi ilisikilizwa siku nyingi, mawakili wa pande zote mbili wakijibizana, na haikutolewa hukumu. Inasemekana makadinali wawili tu, Ottaviano na Giovanni, walisimama upande wa patriarki. Wengine walituhumiwa kwamba zawadi ziliwatangulia masikioni. Wazee wakarudi mikono mitupu.

Hata tukiweka zawadi kando, hukumu isingekuwa rahisi. Adriano alitakiwa kufuta hati ambayo mtangulizi wake aliitoa muda mfupi nyuma, kwa shirika ambalo ufalme ule usingeweza kujilinda bila lenyewe. Mwaka 1179 Mtaguso wa Tatu wa Laterano, kwa kanuni yake ya 9, ulikataza mashirika hayo kupokea makanisa kutoka kwa walei bila idhini ya askofu na kuwapa sakramenti waliotengwa. Hati za msingi hazikuguswa.

Wajumbe

Mjumbe wa Papa aliye makini alikuwa sehemu bora ya huduma hii. Tazama Antiokia. Mwaka 1135 Ralph wa Domfront alichaguliwa patriarki kwa kelele za umati, na bila kusubiri Roma alijitwalia palio juu ya altare ya Mtakatifu Petro. Hoja yake ilikuwa kwamba Petro alikaa Antiokia kabla ya Roma, kwa hiyo viti hivi ni ndugu, na wa Antiokia ndiye mkubwa. Makanoni wake wawili wakamshtaki, Ralph akafika Roma akalivua palio lile na kupokea jingine kwa mkono wa Kanisa la Roma. Hoja ya kimafundisho ikaisha hapo, kimya kimya. Mashtaka yenyewe yalirudishwa Mashariki. Mjumbe wa kwanza, Pierre wa Lyon, alifia Akka. Wa pili, Alberic, askofu wa Ostia, aliitisha baraza katika kanisa kuu la Antiokia mwaka 1140. Aliketi siku tatu. Kila siku Ralph aliitwa rasmi, kila siku alikataa kuja. Siku ya tatu akavuliwa madaraka. Ukamilifu wa taratibu ni wa kupongezwa. Ila usisahau kwamba nje ya mlango walisimama askari wa Raymond, mtawala wa Antiokia, aliyemchukia Ralph. Pasipo hao hukumu ingebaki karatasi.

Mjumbe asiye na maandalizi aligeuka mzigo. Baada ya mwaka 1159 kulikuwa na mapapa wawili, Aleksanda III na yule yule Ottaviano, sasa akiitwa Vikta IV. Mjumbe wa Aleksanda, kadinali mwingine aitwaye Giovanni, alipotua Jubayl, maaskofu na mfalme walikutana Nazareti kuamua wampokee au la. Baldwin III alishauri wasijiingize: kama ni mhujaji aje asali, aende zake, bila alama za ujumbe, maana wajumbe huyala makanisa. Maaskofu wakaamua kumpokea, na Aleksanda akatambuliwa. Waliofurahia ujio wake, tunaambiwa, walijuta walipoona gharama za kumtunza. Kumlisha mjumbe na msafara wake lilikuwa jukumu la majimbo ya mahali, na majimbo mengi huku yalikuwa madogo.

Adhabu kwa mbali

Kutenga na kufunga ibada ndizo silaha alizokuwa nazo Papa. Zilifanya kazi kwa aliyehitaji sakramenti na hana mbadala. Antiokia ilikuwa na mbadala: patriarki wa Kigiriki. Mtawala Bohemond IV alipotengwa na patriarki wa Kilatini, Pierre wa Angoulême, alimkalisha Symeon II, Mgiriki, kwenye kiti. Pierre akachochea uasi, akakamatwa, akanyimwa maji gerezani, akafa mwaka 1208. Inosenti III alifuatilia kila hatua kwa barua.

Machi 1229 silaha hiyo iligeukia mji wenyewe. Kaisari Frederick II, aliyetengwa na Gregori IX, aliipata Yerusalemu kwa mkataba bila vita, akaingia Machi 17, na kesho yake akavaa taji katika Kanisa la Kaburi Takatifu. Machi 19 askofu mkuu wa Kaisaria akafika na amri ya Patriarki Gerold: ibada zifungwe katika mji. Mahujaji waliosafiri miezi kadhaa wakakuta milango imefungwa kwa jina la Kanisa lao. Hapa hatuoni cha kutetea. Adhabu ilimlenga kaisari aliyekuwa akiondoka, ikawapata waliobaki.

Kwa Wakristo wa Mashariki wenyewe, Roma mara nyingi ilikuwa na huruma kuliko maaskofu Walatini waliokaa nao. Mwaka 1246 Inosenti IV alimtuma Mfransisko Lorenzo awalinde Wagiriki dhidi ya uonevu wa Walatini, na patriarki wa Yerusalemu akapiga kelele kiasi kwamba mwaka 1247 agizo likapunguzwa makali. Kupro, ambako Celestino III aliweka ngazi ya maaskofu wa Kilatini mwaka 1196, watawa 13 wa Kantara walichomwa moto Nicosia mwaka 1231 kwa kushikilia kwamba mkate usiotiwa chachu haufai. Mwaka 1260 Aleksanda IV akatoa hati ya Kupro: maaskofu wa Kigiriki, waliokuwa 14 zamani, wabaki wanne, wakae vijijini, chini ya askofu mkuu Mlatini. Amani ilipatikana, kwa bei waliyolipa Wagiriki peke yao.

Baada ya 1187 makanisa mengi yalibaki majina, patriarki akaishi Akka, na uchaguzi ukahamia zaidi na zaidi mikononi mwa Papa. Tangu 1262 jimbo la Akka likaunganishwa na kiti cha patriarki ili apate pa kulia chakula. Watu waliotumwa hawakuwa hafifu. Albert, aliyetoka Vercelli, aliwapa wakaapweke wa Mlima Karmeli kanuni yao kabla hajauawa Akka Septemba 14, 1214. Naye Jacques Pantaléon, patriarki tangu 1255, alikuta Aleksanda IV amewapa ndugu wa Hospitali mali za monasteri ya Bethania. Alipinga, akasafiri mwenyewe hadi Viterbo kufuatilia shauri la Kanisa lake. Alipokuwa huko Aleksanda alikuwa amefariki, makadinali wachache waliobaki walishindwa kukubaliana juu ya mmoja wao, na Agosti 29, 1261 wakamchagua mgeni aliyekuja kulalamika. Akajiita Urbano IV, na mwaka huohuo akaifuta hati ya Bethania.